Damu ya Mbwa Mzima

Nyumbani kwetu, katika vilima vilivyo baina ya mji wa Karatina na msitu wa Mlima Kenya, palikuwa na mbwa aliyeitwa Simba. Jina hilo si la ajabu. Katika nchi ya Nyeri, mtu akisimama juu ya kilima jioni na kuita "Simba!" kwa sauti kuu, mbwa wasiopungua kumi watainua masikio. Wetu alikuwa wa rangi ya majani makavu, mwembamba wa kiuno, mpana wa kifua, na katika miaka yote niliyomjua sikumwona akikataa chakula hata siku moja. Alikula ugali uliobaki, alikunywa maziwa ya kuiba, alifukuza tumbili mashambani, na usiku alibweka mpaka majirani wakanung'unika. Kama ungaliniuliza wakati huo ni kiumbe gani aliye mzima kuliko wote katika boma letu, ningalimtaja Simba kabla ya kumtaja mtu.

Desemba moja, nami nikiwa bado katika shule ya msingi, mjomba wangu alikuja kutoka Nairobi kukaa nasi wakati wa likizo. Alikuja na mtoto wa mbwa wa asili ya Kijerumani, mwenye manyoya meusi mgongoni na miguu minene, aliyenunuliwa kwa fedha ambayo nyanya yangu alisema ingetosha kununua ndama. Sisi watoto tulimchukua kama mgeni wa heshima. Alicheza na Simba, akalala penye banda la Simba, akakimbia naye katika nyasi za kando ya mto. Juma la tatu akaacha kula. Siku ya pili yake mkojo wake ulikuwa na rangi ya kahawa, na ufizi wake ulikuwa mweupe kama karatasi, kisha ukaingia manjano. Daktari wa mifugo alipofika kutoka mjini, mbwa alikuwa amekwisha kulala ubavu, na kabla ya jua kuchwa akafa.

Mjomba alikasirika sana. Alidhani mbwa wake ametiliwa sumu na jirani mwenye wivu. Lakini daktari alikuwa amekwisha kutoboa ncha ya sikio la yule mgonjwa na kupaka tone la damu juu ya kioo chembamba. Sasa akamgeukia baba yangu, akasema, "Mzee, naomba na tone la damu ya huyu mkubwa."

Baba akacheka. "Daktari, huyu hana neno. Hajaugua tangu azaliwe."

"Ndiyo maana namtaka," daktari akajibu.

Baada ya siku chache jibu likaja. Damu ya mtoto wa mbwa ilikuwa imejaa vijidudu ndani ya chembe zake nyekundu, vimekaa wawili wawili mfano wa mapeasi yaliyounganishwa kwenye ncha. Katika damu ya Simba, baada ya kutafuta kwa muda mrefu, vilionekana vichache tu, lakini vilikuwa ni vile vile. Mjomba aliposikia hayo akasema kwamba Simba lazima auawe. Baba hakujibu neno.

Nitarudi kwa Simba baadaye. Kwanza nataka kusimulia namna wanadamu walivyofikia kujua kwamba mnyama mzima aweza kuwa ghala ya mauti ya mwenzake. Ni historia ndefu, na sehemu yake kubwa ilitendeka katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki na ya Kusini.

Mwanzo wake lakini haukuwa Afrika, wala haukuwa katika mbwa. Ulikuwa katika ng'ombe wa Marekani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka wa 1865, wachungaji wa Texas walizoea kuswaga makundi makubwa ya ng'ombe kwenda kaskazini kuyauza. Ng'ombe hao walikuwa wazima, wenye pembe ndefu na miguu ya kuvumilia safari. Lakini kila walikopita, ng'ombe wa wenyeji wa kaskazini walianza kukojoa damu na kufa. Wengine walilaumu pumzi ya ng'ombe wa kusini, wengine mate, wengine kinyesi. Baadhi ya wachungaji walisema ni kupe, na wataalamu wengi wakawacheka. Ndipo Theobald Smith na mwenzake F. L. Kilborne wakafanya jambo ambalo mtoto wa shule angeweza kulifikiri, ingawa hakuna aliyelifanya kabla yao. Waliwaondoa kupe mmoja mmoja kwa mkono katika miili ya ng'ombe wa kusini, kisha wakawachanganya ng'ombe hao na wale wa kaskazini: hakuna aliyeugua. Tena wakachukua kupe peke yao, bila ya ng'ombe wa kusini, wakawatia katika malisho ya kaskazini: ng'ombe wakaugua. Taarifa yao ilipotolewa mwaka wa 1893, dunia ilipata kuthibitishiwa kwa mara ya kwanza kwamba kupe huchukua ugonjwa. Ilikuwa miaka minne kabla ya Ronald Ross kuviona vijidudu vya malaria katika tumbo la mbu huko India.

Nawaomba vijana wayatie maanani majaribio hayo, kwa sababu yana mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kwamba kupe ni mchukuzi. La pili, ambalo watu hulisahau upesi, ni kwamba ng'ombe wa Texas walikuwa wagonjwa bila ya kuwa wagonjwa. Waliupata ugonjwa utotoni, wakapona, na vijidudu vikabaki katika damu yao vikiwa vichache na vitulivu. Mwili ulikuwa umefanya mapatano navyo.

Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Ujerumani, alifika Dar es Salaam mwaka wa 1897. Katika damu ya ng'ombe wa huko aliona vijidudu vidogo sana, akadhani ni vitoto vya vile vijidudu vya Texas. Alikosea. Vilikuwa ni ugonjwa mwingine kabisa, ule ambao siku hizi wafugaji wengi huuita ndigana kali, na ambao Waingereza waliupa jina la homa ya Pwani ya Mashariki. Kosa hilo halikukaa darasani tu. Wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu, nchi za kusini zilikuwa na uhaba mkubwa wa ng'ombe, na watu wakaagiza wengine kutoka pwani yetu. Walisafirishwa kwa meli mpaka Beira. Kwa macho walikuwa wazima. Tangu mwaka wa 1901 ng'ombe wa Rhodesia, kisha wa Afrika ya Kusini, wakaanza kufa kwa maelfu. Koch aliitwa tena, akafika Bulawayo mwaka wa 1903, akakiri kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, na mwaka uliofuata Arnold Theiler akakieleza kijidudu chake waziwazi. Jina la Theiler ndilo linalobebwa na kijidudu hicho mpaka leo.

Mimi humheshimu Koch zaidi kwa kukubali kosa lake kuliko kwa medali zake. Hata hivyo huwauliza wanafunzi wangu: kama wale ng'ombe wa pwani wangalipimwa kabla ya kupakiwa melini, na mpimaji angalijua anachokitazama, je, historia ya mifugo ya kusini ingalikuwaje?

Sasa tumfikie mbwa. Huko Rasi ya Tumaini Jema alikuwako mtaalamu wa wadudu aliyeitwa Charles Lounsbury. Walowezi wa Rasi walikuwa wakileta mbwa wa thamani kutoka Ulaya, wa kuwinda na wa kulinda, na mbwa hao walikufa kwa homa ya manjano ya mbwa upesi sana. Mwaka wa 1901 Lounsbury alionyesha kwamba ugonjwa huo huletwa na kupe wa mbwa, yule wa rangi ya manjano iliyofifia anayependa nyasi na vichaka. Tena akagundua ajabu. Kupe jike akinyonya damu ya mbwa mwenye vijidudu, yeye hajibandui akamwambukiza mwingine, kwa kuwa akishashiba huanguka, hutaga mayai mengi, na hufa. Vijidudu hupita katika mayai. Watoto wake huvirithi kama mtoto wa mtu anavyorithi deni la baba yake. Na hata watoto hao hawaambukizi wakiwa wadogo, ila wakishakua na kupata kupanda juu ya mbwa. Kwa hiyo baina ya mbwa wa kwanza na wa pili miezi mingi yaweza kupita, na mwenye mbwa hataona uhusiano wowote. Atalaumu chakula, atalaumu baridi, au atamlaumu jirani, kama mjomba wangu.

Katika Kenya kisa hiki kina sura yake ambayo, kwa maoni yangu, ingestahili kujulikana katika kila shule. Nairobi palikuwa na tabibu wa maabara ya serikali, P. H. Ross. Mtu huyu si yule Ross wa malaria. Kabla ya kuja Nairobi alikuwa Uganda, na mwaka wa 1904 yeye na mwenzake A. D. Milne walitangaza kwamba homa ya kurudirudi inayowapata wasafiri huletwa na papasi, yule mdudu mnene anayejificha katika nyufa za sakafu ya udongo na kutoka usiku kunyonya watu waliolala. Wafuasi wa misafara ya biashara na wenyeji wa njiani walikuwa wakimwogopa papasi zamani kabla ya maabara kujengwa. Wakati huo huo, katika Kongo ya mashariki, Dutton na Todd waliuona ukweli ule ule, na Dutton alikufa mwaka wa 1905 akiwa katika kazi hiyo, naye mwenyewe akiwa ameambukizwa.

Ross alipokuwa Nairobi alizoea kupaka damu ya wanyama wa porini juu ya vioo na kuipeleka Cambridge, kwa mtaalamu George Nuttall. Miongoni mwa vioo hivyo palikuwa na damu ya bweha. Nuttall alipoitazama katika hadubini aliona vijidudu vile vile vya umbo la peasi, na mwaka wa 1910 akavitangaza kwa jina lenye kumkumbuka Ross. Miaka mingi baadaye ndipo ilipobainika kwamba kijidudu hicho cha bweha wa Kenya ndicho kinachoua mbwa wa kufugwa kwa ukali kuliko ndugu zake wote wanaopatikana Ulaya na Asia. Bweha hakioni kuwa kitu. Wameishi pamoja, yeye na kijidudu na kupe, kwa muda usiohesabika, wakazoeana. Mbwa wa kufugwa ndiye mgeni katika jambo hili, na mbwa wa Ulaya ni mgeni zaidi. Ukitazama hivi, mtoto wa mbwa aliyekufa kwetu aliuawa na mapatano ya kale ambayo yeye hakualikwa kuyatia sahihi.

Nuttall huyo huyo, pamoja na Hadwen, alikuwa ametangaza mwaka wa 1909 dawa ya kwanza iliyowaponya mbwa ugonjwa huu. Ilikuwa rangi ya samawati ya kutilia nguo. Mbwa alichomwa sindano ya rangi, na akipona, ufizi wake na ngozi yake viligeuka buluu kwa majuma kadhaa. Watu walicheka, lakini mbwa aliishi.

Ngome ya Nyeri ilijengwa na Waingereza mwaka wa 1902. Baada yake wakaja walowezi, wakachukua nchi tambarare iliyo baina ya Nyeri na Nanyuki, na reli ikafika Nanyuki mwaka wa 1930. Walileta ng'ombe wa maziwa, kondoo wa sufu, farasi na mbwa. Karibu wanyama hao wote walikuwa wageni mbele ya kupe wa hapa. Mwaka wa 1910 maabara ya mifugo ya Kabete ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na R. E. Montgomery akaanza kuchunguza, pamoja na mengine, ugonjwa uliokuwa ukiua kondoo na mbuzi walioletwa Nairobi; mwaka wa 1917 alitoa taarifa kwamba nao pia huletwa na kupe. Kila mnyama mgeni, basi, alikuwa na kupe wake aliyemngojea majanini.

Hapa historia inaacha kuwa ya hadubini tu na kuwa ya watu. Ng'ombe wa Wakikuyu walikuwa wameishi na ndigana tangu zamani. Ndama wengi waliugua, wengine wakafa, na waliopona walipata kinga. Ng'ombe mkubwa wa Mkikuyu alikuwa kama wale wa Texas: mzima, na pengine mwenye kubeba. Mlowezi alimtazama ng'ombe huyo akaona hatari, na hofu yake haikuwa ya bure, kwa kuwa ng'ombe wake wa kizungu walikufa kweli. Lakini dawa iliyochaguliwa na serikali ilikuwa ni kufunga maeneo ya Waafrika kwa karantini kwa ajili ya maradhi mbalimbali, sotoka, homa ya mapafu na ndigana, mara nyingine kwa miaka mingi mfululizo, hata mwenye ng'ombe asiweze kumpeleka sokoni kwa bei nzuri. Karantini hiyo haikuuliza ng'ombe yupi ana vijidudu na yupi hana. Iliuliza anakaa upande gani wa mpaka. Kumpima mnyama mmoja mmoja ni kazi ya gharama na subira. Kuhukumu kundi zima kwa sababu ya mwenyewe ni kazi rahisi. Mimi si mganga wa mifugo, lakini nikiwa mwalimu wa historia nasema kwamba elimu ya kupe ilikuwa ya kweli, na matumizi yake hayakuwa ya haki.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka migumu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ulifungua njia ya Waafrika kupanda kahawa na kufuga ng'ombe wa gredi. Ulikuja wakati wa Hali ya Hatari, watu wa Nyeri wakiwa wamehamishwa kwa nguvu katika vijiji vyenye mahandaki, na wengi wakiwa kizuizini, hata mashamba yalipokuwa yakipimwa wenyewe hawakuwapo. Hata hivyo ng'ombe wa gredi walikuja, na pamoja nao yakaja majosho. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963, josho lilikuwa mahali pa mkutano. Asubuhi ya siku ya josho vijana walishusha ng'ombe vilimani, wazee wakaketi kwenye majani wakiongea habari za bei ya maziwa, na ng'ombe wakarushwa mmoja mmoja katika maji ya dawa wakatoka upande wa pili wakichuruzika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikuwa imeyachukua majosho chini ya ulinzi wake. Katika miaka ya 1990 yakarudishwa kwa wananchi, na mengi yakakauka. Kwetu nyumbani nililikuta josho limeota magugu. Baba alinunua bomba la kunyunyizia.

Lakini angalia jambo moja. Katika miaka yote hiyo, mbwa aliyewafuata ng'ombe mpaka josho aliketi kando akajikuna. Hakuna aliyemtosa. Ng'ombe ana maziwa, kondoo ana sufu, mbuzi ana bei. Mbwa hana daftari. Yeye hupita katika nyasi za mto, hulala jikoni karibu na watoto, huzuru boma la jirani usiku, na hurudi asubuhi na alichokiokota.

Wala mbwa hawi hatari kwa mbwa wenzake peke yao. Iko homa ya kupe inayompata mtu. Huanza kwa kidonda kidogo cheusi mahali alipouma kupe, kisha huja maumivu makali ya kichwa, homa, na vipele. Matabibu wa Kifaransa, Conor na Bruch, waliieleza huko Tunis mwaka wa 1910, na nchini kwetu ikajulikana sana hata ikaitwa kwa Kiingereza kwa jina la Kenya. R. B. Heisch na wenzake walichunguza namna inavyoenea Nairobi, wakatoa makala yao mwaka wa 1957, na kupe wa mbwa walikuwa katikati ya habari hiyo. Mgonjwa hupona upesi akipewa dawa iliyo sawa. Hatari ni kwamba mara nyingi huambiwa ana malaria, akapewa dawa ya malaria, na hakuna anayemuuliza kama nyumbani ana mbwa.

Heisch huyo alikuwa mtu wa udadisi usio na mipaka. Yeye pamoja na Buckley na Nelson walichunguza paka, mbwa na kanu wa kisiwa cha Pate, kule Lamu, na mwaka wa 1958 wakatangaza mnyoo mwembamba sana, usiojulikana kabla, uliokuwa ukiishi katika mishipa ya wanyama hao na kuenezwa na mbu. Mnyoo huo unalo jina la Pate mpaka leo katika vitabu vya dunia nzima. Nelson naye aliendelea, na mwaka wa 1963 akaeleza mnyoo mwingine wa mbwa wa Kenya ambao hukua ndani ya yule nzi bapa, mgumu kuuawa, anayekimbia katika manyoya ya mbwa kama kaa. Kila mtoto wa kijijini amewahi kumkamata nzi huyo na kumsaga kwa kucha. Wachache walijua kwamba ana abiria.

Somo la mbwa mzima lilirudi tena kwa ukali katika vita vya Vietnam. Mwaka wa 1935, Donatien na Lestoquard walikuwa wameeleza huko Algeria ugonjwa wa mbwa unaoletwa na yule kupe wa kahawia anayependa kuta za mabanda. Haukushtua watu wengi. Kisha, kuanzia mwaka wa 1968, mbwa wa jeshi la Marekani huko Vietnam wakaanza kufa kwa mamia, wakitokwa na damu puani. Ilionekana kwamba mbwa anayeambukizwa huugua kidogo, hupona, hukaa mzima kwa miezi au hata miaka, akila na kufanya kazi, huku vijidudu vimekaa ndani yake. Halafu siku moja damu yake hushindwa kuganda. Kumtazama kwa macho katika kipindi hicho cha katikati ni kazi bure. Ndiyo maana mwaka wa 1972 Ristic na wenzake walitoa kipimo kisichomtafuta mdudu mwenyewe, bali alama ambazo mwili huziacha katika damu baada ya kupigana naye. Tangu hapo kupima mbwa asiye na dalili kukawa na maana mpya. Kioo na hadubini huweza kukosa vijidudu vikiwa vichache, na kutoviona si kutokuwapo kwake. Lakini kumbukumbu ya vita hubaki katika damu.

Hata mbwa mwitu wa Laikipia, jirani zetu wa kaskazini, wamepimwa kwa njia hiyo. Watafiti walitangaza mwaka wa 2012 kwamba damu ya mbwa mwitu hao ilionyesha wamekutana na maradhi ya mbwa wa kufugwa, likiwamo hilo la kupe wa kahawia, na kwamba wale waliokaribiana zaidi na mbwa wa vijijini ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Bweha alitupa sisi kijidudu chake, na mbwa wetu naye anawapa mbwa mwitu vya kwake.

Sasa turudi kwa Simba. Daktari alipokuja kwa mara ya pili, mjomba alikuwa amekwisha kutafuta mtu mwenye bunduki. Walikaa ukumbini, baba, mjomba na daktari, na mimi nikajibanza nyuma ya mlango. Mjomba alisema kwamba mwenye kuua auawe. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukimuua huyu, utawaua na wa jirani? Karibu kila mbwa mkubwa wa kilima hiki amepitia yale aliyoyapitia Simba. Mbwa wako aliumwa na kupe ambao pengine mama yao alinyonya damu ya Simba mwaka jana, au ya mbwa wa ng'ambo ya mto, au ya bweha. Simba akifa, kupe wamo majanini."

"Basi mtibu," mjomba akasema.

"Nikimtibu akaishiwa na vijidudu vyote, huenda kinga yake nayo ikaisha, na kupe watamrudishia ugonjwa akiwa hana ngao. Mwache alivyo. Ondoeni kupe."

Baba ndiye aliyekata shauri. Alisema kwamba mbwa aliyelinda boma kwa miaka saba hauawi kwa ajili ya kitu asichokijua. Kuanzia Jumamosi ile Simba akawa anaoshwa kwa dawa kila juma, na kazi hiyo nilipewa mimi. Hakuipenda hata kidogo. Alikuwa akiona ndoo ya bati anatambaa chini ya ghala ya mahindi, nami nikamvuta kwa miguu ya nyuma huku nyanya akicheka. Nilikagua masikio yake, katikati ya vidole vyake, na chini ya mkia, nikawatia kupe katika kopo la mafuta ya taa. Juma la kwanza niliwahesabu, nikafika sitini na tatu. Baada ya miezi miwili walikuwa wanne.

Mjomba hakuja na mbwa kwa miaka miwili. Alipokuja tena alikuwa na jike mdogo wa rangi ya kahawia, lakini hakumshusha garini. Alimwacha ndani na vioo vimefunguliwa kidogo, akaenda mwenyewe mjini kumwita daktari, na damu ya yule mbwa ilichukuliwa pale langoni, kabla mguu wake haujakanyaga majani yetu. Simba alikuwa amelala kivulini, mdomo wake umekwisha kuota mvi. Alinyanyua kichwa, akainusa hewa, akalala tena.